Ukurasa wa Kusikiliza

Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Mei. Manyunyu yalikuwa yamekatika alfajiri, na jua la asubuhi lilipenya mawingu kwa shida, likimulika madimbwi ya uani mwa Ofisi ya Usajili wa Vizazi bila kuyakausha.

"Kitufe," ilisema laptopu. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Mwanamke aliyeketi mbele yake aliinua vidole kutoka kwenye kibodi, akaelekeza uso pale aliposikia mtu akipumua.

"Umesikia, baba? Hivyo ndivyo tovuti yako inavyonikaribisha. Kitufe cha nini? Cha kuingilia? Cha kutokea? Cha kuitia polisi?"

Aliyekuwa akipumua hapo alikuwa mzee mmoja mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ofisini kote aliitwa Mwanafunzi. Tangu ujana wake alikuwa tarishi humo, akipandisha na kushusha majalada ghorofa hadi ghorofa, mpaka alipojiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta pamoja na vijana wa rika la wanawe. Wenzake walicheka wakashika mbavu. "Mwanafunzi, umefanya kazi ya nyumbani?" "Mwanafunzi, mbona umenuna, mwalimu kakuchapa?" Yeye alicheka pamoja nao, akasoma. Kila jioni, kabla hajagusa mashine, alifumba macho, akaweka viganja juu ya kibodi, akamwomba Mungu amfungulie kichwa. Kichwa kilifunguka polepole, kama dirisha lililovimba kwa mvua, lakini kilifunguka. Ofisi ilipotaka tovuti, wazazi waandikishe watoto wao bila kupanga foleni, kazi ile alipewa yeye, na mwalimu wake wa jioni akamsimamia. Siku hizi hakuna aliyecheka tena. Jina tu ndilo lilibaki.

Aliipenda tovuti ile kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Rangi zake alizichagua kwa siku kadhaa. Pembeni aliweka maua madogo ya manjano, kwa sababu mtoto ni furaha, na ukurasa wa watoto, alifikiri, usifanane na ukurasa wa kodi. Hakuna aliyewahi kumletea lalamiko. Kumbe wenye lalamiko hawakupata hata pa kulipelekea.

Asubuhi hiyo mlango wa ofisi ulipofunguliwa tu, mwanamke huyu aliingia akipapasa sakafu kwa fimbo nyeupe, laptopu kwapani, akasema hataki karani wala mlinzi, anamtaka mtu aliyetengeneza tovuti. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali ya mji, na hakuwa akiona tangu utotoni. Nyuma yake alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, amembeba kichanga kilicholala fofofo. Shemeji aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akaanza kumpepea mtoto kwa kofia yake.

"Ngoja nikuonyeshe tangu mwanzo," Opereta alisema.

Akagonga kibodi. Sauti iliyotoka haikuwa sauti ya mtu wala ya mashine ambayo Mwanafunzi aliwahi kuisikia. Ilikuwa kama mtama unaomwagwa juu ya bati, punje juu ya punje, haiachi hata nafasi ya kumeza mate.

"Imeharibika," Mwanafunzi alisema, akinyoosha mkono kuizima.

"Haijaharibika. Huo ndio mwendo wangu."

"Unasikia maneno humo?"

"Nasikia mpaka nukta." Akaanza kumhesabia: kichwa cha habari ni hiki, viungo ni hivi, chini kuna anwani, na katika anwani umerudia neno 'barabara' mara mbili. Mwanafunzi aliinamia skrini yake mwenyewe kutazama anwani. Kweli, barabara ilirudiwa. Wafanyakazi wa ofisi nzima walikuwa wakipita hapo kila siku na hakuna aliyewahi kuliona kosa hilo.

Alivuta kiti akaketi. Maisha yake yote alifikiri kutoona ni kukaa. Mtu amekaa ukutani, anangoja kushikwa mkono. Na hapa palikuwa na mtu anayekimbia, anayekimbia mahali ambapo yeye mwenye macho mawili angejikwaa hatua ya kwanza. Midomo yake ikatamka bila sauti, *Ewe Mola, mambo yako!*

"Nitaipunguza mwendo ili na wewe upate," Opereta alisema, kama mtu mzima anayempunguzia hatua mtoto.

Sauti ikatulia, ikawa ya kueleweka. "Picha," ilisema. "Mstari wa buluu iliyotulia, mfano wa anga mara baada ya mvua, ukitenganisha sehemu ya juu na ya chini. Picha. Ua dogo la manjano, lenye petali tano, limeinama kidogo upande wa kushoto. Picha. Ua dogo la manjano, lenye petali tano, limeinama kidogo upande wa kulia. Picha. Bibi Msajili Mkuu, mama mwenye uso wa upole na macho ya hekima, amevaa miwani ya fremu nyeusi, akitabasamu kama mtu aliyesikia habari njema."

"Nani huyo mwenye uso wa upole?"

Bibi Msajili Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Ofisini walimwita Bi Mkubwa.

"Ni wewe, Bi Mkubwa," Mwanafunzi alijibu, masikio yanamwaka moto.

"Mimi? Tangu lini?"

"Hujambo, Bi Mkubwa," Opereta alisema. "Juzi na jana, kila nilipopotea nikarudishwa mwanzo, nilikutana na wewe. Miwani yako nimeisikia mpaka naweza kuivaa."

Bi Mkubwa hakutaka kucheka, lakini kikombe kilimtikisika mkononi.

Mwanafunzi alijieleza. Darasani walifundishwa kwamba kila picha lazima iandikiwe maneno, ili asiyeona naye apate. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Alilichukua kama sadaka. Picha zote za tovuti, hata mistari na mapambo, aliziandikia kwa upendo, na nyingine alizifuta akaziandika upya hadi zikamridhisha.

"Umeandika vizuri, baba, sikudanganyi," Opereta alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Wengine hawaandiki kitu kabisa. Lakini umenipambia sebule, mlango hukuniwekea. Hivyo vitufe vyako vina nini?"

"Vimechorwa. Kimoja kina mshale, kingine kalamu, kingine…"

"Umeona."

"Nimeona."

"Sasa sikiliza mwisho wa safari." Akagonga kibodi tena, akapita juu ya maua na mistari, akafika chini kabisa.

"Thibitisha kwamba wewe ni binadamu," ilisema sauti. "Chagua picha zote zenye mabomba ya maji. Picha. Picha. Picha. Picha."

Zile hazikuwa za Mwanafunzi. Zilikuja tayari, kazi yake kuzuia mashine za wahuni zinazojaza tovuti takataka, naye alizipachika mahali pake akamshukuru Mungu kwa kazi iliyopungua. Hakuwahi kuzisikiliza.

"Hapo ndipo ninapoishia," Opereta alisema. "Juzi nilicheka peke yangu. Nilisema, mume wangu akirudi safarini nimwambie ameoa nini? Jana sikucheka."

Bi Mkubwa aliweka kikombe mezani. "Mwanangu, kwa nini unajitesa? Una shemeji hapo, anaona vizuri. Ampakate mtoto kwa mkono mmoja, mwingine ajaze. Dakika chache tu."

Shemeji aliinuka nusu. "Ndicho nilichosema, mama. Tangu nyumbani nimesema."

"Kaa, shemeji," Opereta alisema taratibu. Kisha akageukia ilikotoka sauti ya Bi Mkubwa. "Mtoto wangu wa kwanza nilikuja kumwandikisha hapa hapa, wakati dirisha la karatasi bado lipo. Niliambiwa nije na mtu wangu anayeona. Nikaja na mtu wangu. Nilimtajia jina la binti yangu, akaandika, akaniambia tayari. Siku ya kwanza ya shule mwalimu akasoma majina ya darasa. Akaita jina, hakuna aliyeitika. Akaita tena. Binti yangu yupo amekaa, hajui kama anaitwa yeye, na mimi mama yake niko mlangoni, sijui kama anaitwa wangu."

Pale kwenye benchi kofia iliacha kupepea.

"Lilikuwa jina la mama yetu," shemeji alisema, akitazama sakafu. "Alikuwa ndio kwanza amefariki. Nilidhani… nilidhani nitawapa zawadi, nitawaambia baadaye."

"Najua, shemeji. Sina kinyongo na marehemu. Lakini binti yangu leo ana majina mawili kama mtu anayekimbia madeni. Huyu mdogo jina lake nimekubaliana na baba yake kwa simu, na hakuna mwingine anayelijua. Nataka kuliandika mimi, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho."

Bi Mkubwa alichukua kalenda ndogo ya mezani, akaitazama, akairudisha. Aliyajua yaliyobaki. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ambayo mama angeweza kumwandikisha mtoto huyu peke yake. Ofisi ikifungwa saa kumi na nusu, mtoto angeingizwa katika usajili wa waliochelewa, na huo humtaka mkubwa wa familia ya baba aje ajaze yeye kwa mkono wake. Na baba akiwa safarini na lori lake, nchi ya tatu kutoka hapa, mkubwa huyo alikuwa ameketi kwenye benchi na kofia.

"Nikuandikie mimi," Mwanafunzi alisema. "Herufi kwa herufi. Mbele ya Mungu."

"Baba, nakuamini. Hata shemeji nilimwamini."

Mwanafunzi alitazama vidole vya Opereta vilivyotulia juu ya kibodi, vikingoja, na akahisi kwamba asubuhi nzima vilikuwa vikimngoja yeye.

"Bi Mkubwa," alisema, "niachie leo. Nitautengeneza ukurasa."

"Leo? Wazazi wengine wanautumia sasa hivi. Ukiuvunja je?"

"Nitafanyia kazi nakala. Ikikaa sawa, naiweka mahali pa ule wa zamani. Isipokaa sawa, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Bi Mkubwa. Lakini alichukua kikombe chake, na alipofika mlangoni aligeuka. "Na huo uso wa upole ufute. Watu wakija hapa watadhani wamedanganywa."

Mwanafunzi alifumba macho, akaweka viganja juu ya kibodi. Safari hii hakuomba kufunguliwa kichwa. Hakujua aombe nini, kwa hiyo akaanza kazi.

Vitufe alivipa maneno, kimoja kimoja: Endelea, Rudi, Sahihisha, Tuma. Maua yake aliyanyamazisha yote, na mkono ulimsita kwa ua la kushoto, lile lililoinama vizuri zaidi. Mstari wa buluu ukanyamaza. Bi Mkubwa akabakiziwa maneno matatu tu, Bibi Msajili Mkuu. Opereta alikaa kando yake, akimnyonyesha mtoto aliyekuwa ameamka, na kila alipoulizwa alijibu bila kusita. Hiki kisomwe kabla ya kile? Ndiyo. Hapa nikwambie uko ukurasa gani? Niambie, lakini mara moja, usinihubirie.

Wakati wa chakula cha mchana mwanamke huyu alitoa mkate wa mayai kwenye mkoba, akaugawa mara tatu kwa vidole, na vipande vitatu vikatoka sawasawa kama vilivyopimwa. Shemeji alikipokea chake bila kuinua macho.

Kilichobaki ni kile kizuizi cha mabomba. Mwanafunzi alimpigia mwalimu wake wa jioni, binti mdogo kuliko kitinda mimba wake, ambaye hata hivyo alimwita Mwalimu na kumpigia magoti ya maneno.

"Yaondoe hayo mapicha yote," mwalimu alisema kwenye simu. "Weka mtego. Tengeneza kisanduku cha kuandikia ambacho hakionekani. Mtu hakioni, kwa hiyo hakijazi. Mashine za wahuni hujaza kila kinachokuja mbele yao. Kikijazwa tu, mlango unajifunga."

"Mtego wa tamaa!" Mwanafunzi alisema, akastaajabu mpaka akasahau kuaga. Aliona ni jambo la ajabu, kwamba binadamu atambulikane kwa kile alichokiacha.

Akatengeneza kisanduku, akakificha. Akautazama ukurasa juu mpaka chini. Safi. Hakuna bomba, hakuna kisanduku. Saa ya ukutani ilikuwa imevuka saa tisa.

"Mama, jaribu."

Opereta aliirudisha sauti yake kwenye mwendo wake, na mtama ukamwagika tena juu ya bati. Vidole vilikimbia. Alitabasamu aliposikia Endelea, akatabasamu aliposikia Sahihisha. Mwanafunzi aliegemea nyuma na kushusha pumzi. Bi Mkubwa alikuwa amekuja tena, safari hii bila kikombe, na makarani wawili walichungulia nyuma ya mabega yake.

Kisha vidole vikasita kidogo, vikaandika tarakimu, vikaendelea. Opereta akabonyeza Tuma.

"Ombi limekataliwa," ilisema sauti. "Mfumo umetambua kwamba wewe si binadamu."

Opereta aliushika mfuniko wa laptopu, akaushusha hadi nusu. Mdomo wake ulikuwa umejifunga kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu na anakataa kulia.

"Uliandika nini pale mwisho?" Mwanafunzi aliuliza.

"Palikuwa na kisanduku. Kilisema andika hapa, hakikusema nini. Nikaweka namba ya simu, maana mnapenda sana namba za simu."

Mwanafunzi alitazama skrini yake. Hakukuwa na kisanduku. Alitazama tena, na ndipo alipoelewa. Alikuwa amekificha machoni tu. Masikioni alikiacha wazi, mlango wa mtego uko wazi, na mtu pekee katika mji mzima ambaye angeukanyaga alikuwa ameketi hapa, kando yake, amempa mkate.

Shemeji alisimama, mtoto begani. "Shemeji, tumejaribu. Twende nyumbani. Kesho nitakuja nimwandikishe, na nakuapia jina litakuwa hilo utakalonitajia."

Alikuwa anasema kweli, mtu yeyote angeisikia. Na hilo ndilo lilikuwa zito.

"Mama," Mwanafunzi alisema. "Mara moja tu tena."

"Baba, leo nimeambiwa mara mbili kwamba mimi si mtu. Ya tatu siitaki."

"Ya tatu nitaisikiliza mimi kwanza."

Kipanya alikichomoa, akakifungia ndani ya mtoto wa meza. Akamwomba Opereta amkopeshe ile programu ya sauti. Akaipachika kwenye mashine yake, mwendo wa chini kabisa, mwendo wa mzee. Akanyoosha mkono nyuma ya meza akaizima skrini yake. Kisha akafumba macho, ingawa skrini ilikuwa nyeusi tayari.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Alijua ukurasa huu kila kona, aliuota usingizini, na sasa haukuwepo. Palikuwa na giza na sauti moja inayosema neno moja kwa wakati mmoja, halafu inanyamaza. Alibonyeza, ikasema. Alibonyeza, ikasema. Kila neno lilikuja peke yake kama mtu anayetokea kwenye ukungu, unamfahamu, anakupita, anatokea mwingine. Hakuwa akiutazama ukurasa tena. Alikuwa akitembea ndani yake. Akawaza, hivi ndivyo ninavyosali. Sioni kitu, na bado nasema, na bado nangoja kujibiwa.

Makarani waliacha kunong'ona. Mzee aliyefumba macho, mbele ya skrini iliyozimwa, alikuwa akimwandikisha mtoto asiyekuwepo.

Aliacha tarehe wazi kwa makusudi, akabonyeza Tuma. Kimya. Akangoja. Kimya tu. Akakumbuka kwamba anayekosea hapo huonyeshwa mstari mwekundu, na wekundu haukusema neno. Akaiwasha skrini kwa muda, akaufungulia mdomo: Tarehe ya kuzaliwa haijajazwa, rudi hapa. Akakifikia kile kisanduku, akakisikia, na kukisikia kulimchoma moyo. Akakificha upya, safari hii kwa macho na kwa masikio, na kazi yenyewe ilikuwa ya neno moja tu, neno ambalo asubuhi hakuwa na haja nalo. Akaizima skrini, akafumba macho, akaanza tena tangu juu. Maneno yakamjia moja baada ya jingine, mpaka sauti iliposema, "Tuma, kitufe," na baada yake hapakuwa na kitu kingine chochote, ila ukimya safi kama uwanja uliofagiliwa.

Alipofumbua macho alikuta yana maji. Akayafuta kwa mkono wa shati, mkunjo wa pasi ukaharibika, kisha akaiweka nakala mahali pa ukurasa wa zamani.

"Tayari, mama," alisema.

Opereta aliinua mfuniko. Skrini yake mwenyewe ilikuwa nyeusi, na karani mmoja akataka kumwambia kwamba imezimika.

"Iache," alisema. "Ya nini kwangu? Inakula betri bure." Akavaa hedifoni masikioni.

Basi walisimama hapo wote, wenye macho, na hawakuona kitu wala hawakusikia kitu. Waliona vidole tu. Viliteremka, vikapumzika, vikateremka. Mahali fulani katika kuteremka huko vilipunguza mwendo, vikawa vinabonyeza herufi moja moja, na baada ya kila mbonyezo mama aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba mgeni wake ameketi vizuri. Mwanafunzi alielewa kwamba hilo ndilo jina. Lilikuwa likiandikwa mbele yao, mchana kweupe, katikati ya ofisi ya serikali, na hakuna mtu duniani aliyelijua isipokuwa mama yake na dereva mmoja wa lori aliye mbali. Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amewaandikisha watoto wengi kuliko watu wa mji mdogo, alivua miwani yake bila kujua kwa nini.

Opereta akabonyeza kwa mara ya mwisho. Akasikiliza. Kisha akavua hedifoni, akaichomoa ili kila mtu asikie, akairudisha sauti nyuma kidogo.

"Usajili umepokelewa," ilisema laptopu. "Mtoto ameandikishwa."

Karani mmoja alipiga kofi moja, akaona haya, akaacha.

"Nipe," Opereta alimwambia shemeji, akinyoosha mikono. Akampokea mtoto, akaweka mdomo kwenye kisikio chake, akamnong'oneza jina lake. Mtoto alikunja uso kama anayelifikiria.

"Bado jambo moja," Bi Mkubwa alisema. Ilikuwa desturi ya ofisi ile: mzazi anayemalizia usajili ndani ya jengo husimama na kutamka ahadi mbele ya mashahidi wawili. Siku nyingi ahadi hiyo ilisemwa haraka haraka, watu wanatazama saa. "Mashahidi wako ni nani?"

"Huyu baba wa tovuti," Opereta alisema. "Na shemeji yangu."

"Mimi?" Shemeji alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe. Safari hii huandiki. Sikiliza tu."

Alikuja. Alisimama upande wake wa kulia, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili. Mwanafunzi alisimama kushoto. Waliokuwa kwenye mabenchi ya ukumbini, mmoja mmoja, bila kuambiwa, wakainuka.

Bi Mkubwa alianza kumsomea maneno ya ahadi kutoka kichwani, polepole, kama hakuwahi kuyasema kabla ya leo, na mama akayachukua, akayapitisha kwa sauti yake ya opereta, ile iliyozoea kufika mbali:

"Mimi, mama wa mtoto huyu, mbele ya hawa wanaonisikia, naahidi kumlea na kumwita kwa jina hili nililomwandikia mwenyewe, kwa mikono yangu, leo."